Kabla Hujapuliza Dawa, Piga Magoti Kwenye Ukoka

Anayeishi Ruhembe anaishi katikati ya nyasi. Miwa ni jamii ya nyasi. Mpunga wa bondeni ni nyasi, mahindi ni nyasi, mtama ni nyasi, na ule ukoka uliopandwa mbele ya nyumba ili watoto wachezee, nao ni nyasi. Mdudu aliyezoea kula jamii hii haulizi lipi ni shamba la mkulima wa miwa na upi ni uwanja wa mwalimu mkuu. Huhama kutoka huku kwenda kule kadiri mvua na chakula vinavyomwita. Kwa hiyo ninapoeleza namna ya kukagua majani ya nyumbani, nawaandikia wenye nyumba za kata hii na majirani zao wa Kidodi, Ruaha na Mikumi mjini, pamoja na wenye nyumba za wageni wanaotunza ukoka kwa gharama kubwa, lakini mwenye miwa naye asikae mbali.

Kwenye maduka ya pembejeo mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa ya wadudu wa majani."

"Wadudu gani mama?"

"Sijui, ila majani yananikaukia."

Kijana anashusha chupa, mama analipa, na jioni bomba la mgongoni linazungushwa uwanja mzima. Hakuna aliyemwona mdudu. Pengine hakuwepo. Pengine alikuwepo, lakini ni wa aina ambayo dawa hiyo haimfikii. Au alikuwa ameshamaliza kula na kuingia ardhini siku mbili kabla. Waliokufa kwa hakika ni siafu, nyigu na buibui waliokuwa wakiwala viwavi bila malipo, na asubuhi kuku wa nyumba hiyo wanadonoa mizoga ya wadudu kwenye majani yenye sumu, kisha watoto wanakula mayai. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kazi ya kujua kama kuna mdudu, ni yupi na ni wangapi, haihitaji kifaa chochote cha kununua. Inahitaji magoti, ndoo, sabuni ya maji, panga na daftari.

Anza na swali la kama kweli ni mdudu. Majani hubadilika rangi kwa sababu nyingi, na nyingi hazina miguu. Chini ya mwembe mkubwa ukoka hupungua kwa sababu haupati jua la kutosha, na hakuna dawa ya kutibu kivuli. Mbwa akikojoa mahali pamoja, hutokea duara lililokufa lenye ukingo wa kijani kilichokolea kuliko kwingine. Pale bodaboda inapoegeshwa kila siku, udongo umeshindiliwa na oili imedondoka. Ukifyeka mpaka udongo ukaonekana, ukoka utakuwa wa kahawia kwa wiki nzima. Kata theluthi moja tu ya urefu wake kwa wakati mmoja, na mwambie hivyo kijana anayekukatia, kwa sababu wengi hudhani kukata chini kabisa ndiyo kazi nzuri.

Kisha fanya jaribio la kuvuta. Usiende katikati ya sehemu iliyokufa, kwa maana mdudu alishaondoka pale zamani kufuata chakula. Nenda ukingoni, pale njano inapokutana na kijani. Shika majani mkono mzima, uyavute. Yakija yote kwa urahisi, bila mizizi au na mizizi iliyokatika, basi kuna anayekula chini ya ardhi. Yakishikilia imara, tazama ncha zake. Zikiwa zimetafunwa, au jani limekwanguliwa likabaki utando mwembamba unaopitisha mwanga, anayekula yuko juu. Na kama jani ni zima, halijaguswa, limekauka tu, fikiria kwanza maji na udongo. Jaribio hili la dakika moja linaamua mambo mengi yanayofuata, kwa sababu ukoka ulioliwa majani huchipua tena kutoka kwenye mashina yake yatambaayo ndani ya wiki chache za mvua, lakini ulioliwa mizizi hauna pa kuanzia.

Katika wale wanaokula juu, mkubwa wao ni kiwavijeshi, na hapa Kilosa tuna historia naye. Mikoa ya katikati na mashariki ya Tanzania, Morogoro na Dodoma zikiwemo, ni miongoni mwa sehemu ambazo milipuko ya kwanza ya msimu katika Afrika Mashariki huanzia. Nondo wanaotoka kwenye milipuko hiyo hupeperushwa na upepo kuelekea kaskazini, na vizazi vinavyofuata vinaweza kufika Kenya na hata Ethiopia. Kwa miaka mingi utabiri ulifanywa na wataalamu wa serikali walioko Tengeru, Arusha, wakitumia hesabu kutoka mitego iliyotawanywa nchini, na taarifa ilipofika kijijini mara nyingine viwavi walikuwa wameshakula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia tofauti ilijaribiwa katika vijiji vichache vya wilaya hii ya Kilosa. Kila kijiji kilipewa mtego wenye harufu inayowavuta nondo dume na kifaa cha kupimia mvua, kisha wanakijiji waliochaguliwa wakafundishwa kuhesabu nondo, kupima mvua, kufanya utabiri wenyewe na kuwatangazia wenzao. Baadaye njia hiyo ilipelekwa wilaya nyingine na nchi jirani. Kwa hiyo kukagua na kuandika hesabu si jambo geni katika wilaya hii. Wapo wakulima wa kawaida waliolifanya kabla yetu.

Walikuwa wakiangalia vitu viwili kwa pamoja, nondo na mvua, na sababu yake ni hii. Upepo wa mvua kubwa huwakusanya nondo waliokuwa wametawanyika angani na kuwashusha sehemu moja. Mvua hiyohiyo huchipusha majani mabichi ambayo ndiyo chakula cha watoto wao. Ukame wa muda mrefu ukifuatiwa na mvua kubwa za mwanzo, kuanzia Novemba hivi, hapo ndipo pa kuwa macho.

Sasa fuata kalenda ya mdudu mwenyewe, maana ndiyo inayokuambia ukague kila baada ya muda gani. Jike hutaga mayai usiku kwa mafungu, akiyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Viwavi wachanga ni wa kijani, wembamba, hukwangua jani bila kulitoboa, na mtu aliyesimama wima hawezi kuwaona. Wakiwa wengi mahali pamoja hubadilika wakawa weusi wenye mistari pembeni. Wanakula kwa wiki 2 hadi 3 hivi, lakini sehemu kubwa kabisa ya chakula chao huliwa katika siku za mwisho. Hii ndiyo sababu watu husema walilala uwanja ukiwa wa kijani wakaamka umekwisha. Viwavi walikuwepo siku zote hizo. Baada ya hapo hujichimbia ardhini sentimita 2 au 3, wakageuka mabuu bubu, yaani pupa, kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, wakatoka wakiwa nondo na kuruka zao.

Ukikagua mara moja kwa mwezi, kizazi kizima kitapita kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Mara moja kwa wiki inatosha katika msimu wa kawaida. Kila mvua kubwa ya mwanzo wa msimu ikinyesha, kagua siku ya nne au ya tano baada yake, kisha urudie baada ya siku tatu. Unatafuta ule utando unaopitisha mwanga kwenye majani. Ukiuona umebakiwa na wiki moja hivi ya kuamua jambo.

Yuko pia kiwavijeshi vamizi, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa Tanzania mwaka 2017. Huyu anapenda mahindi kuliko kitu kingine na hujificha ndani ya moyo wa mhindi, ila hula nyasi pia. Mtazame kichwani, kuna alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa 4 meusi yaliyopangika mraba. Ukimpata kwenye ukoka, haraka yako ya kwanza iwe shamba la mahindi lililo karibu.

Kwa wafugaji kuna tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha: usilishe ng'ombe wala mbuzi kwenye majani yaliyoshambuliwa na viwavijeshi karibuni. Imeripotiwa mifugo kufa baada ya malisho ya namna hiyo, na ukoka ni kati ya nyasi zinazohusishwa na vifo hivyo. Subiri kwanza, na umuulize mtaalamu wa mifugo kabla ya kuwarudisha hapo.

Kuwatoa mafichoni viwavi, pamoja na chenene wanaoishi kwenye vishimo, tumia maji ya sabuni. Chukua lita 4 za maji kwenye ndoo, tia kijiko kimoja hadi viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga taratibu lisifanyike povu jingi. Pima eneo la mita moja kwa mita moja ukingoni mwa sehemu inayobadilika rangi, mwaga maji hayo polepole yaenee pote, kisha piga magoti usubiri dakika 10. Usiondoke. Katika dakika mbili za kwanza mara nyingi hutaona chochote zaidi ya sisimizi wanaokimbia. Kisha jani moja linatikisika bila upepo, na kiwavi anapanda juu yake akijipinda. Chenene naye husukuma udongo na kutoka mzima mzima, wa kahawia, na ile miguu ya mbele mipana anayochimbia. Hesabu kila aina peke yake. Ukimaliza mwagia maji safi, na usifanye kazi hii jua la mchana likiwa kali, majani yataungua. Sabuni ya unga usiitumie. Kama ardhi ni kavu sana, imwagilie jana yake, la sivyo maji ya sabuni yataishia juu.

Rudia mahali pasipopungua patatu, na pamoja kati yake pawe bado pazima. Sehemu nzima ndiyo kipimo chako. Ukipata wadudu walewale kwa idadi ileile pote, pazima na pagonjwa, basi si wao wanaoua majani.

Kwa viwavi, wataalamu wa majani hutumia kipimo cha viwavi 5 hivi kwa eneo la mita moja ya mraba. Wakiwa chini ya hapo na ukoka una afya, waachie ndege na nyigu. Wakizidi, na bado ni wadogo, ndipo hatua ina maana. Wakizidi lakini wameshakuwa wakubwa, urefu wa sentimita 2 na nusu au 3, ushauri wangu ni kutopuliza. Siku chache tu wataingia ardhini. Watu wengi hupuliza wakati huo, kesho yake hawaoni kiwavi, wakaisifia dawa. Viwavi walikuwa wanaondoka hata hivyo. Pesa hiyo nunulia maji au mbolea ya kuusaidia ukoka uchipue.

Tazama pia vifo vyao. Ukikuta viwavi wamekufa wakining'inia kwenye ncha za majani, wamelegea, weusi, na ukiwagusa wanapasuka maji, wameuawa na kirusi cha asili kinachowashika wao. Kirusi hicho kimefanyiwa majaribio hapa Tanzania ili kitumike kama dawa ya kupuliza. Hapo usipulize kitu, maana ugonjwa utaenea kati yao bila gharama yako.

Anayekula chini ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiye anayepaswa kuogopwa zaidi kwenye uwanja wa nyumbani, kwa sababu hapigi kelele. Ni buu mweupe, mtoto wa wale mende wa kahawia wa usiku wanaogonga kuta za baraza taa inapowaka mvua zikianza. Maji ya sabuni hayamtoi. Lazima uchimbe. Kwa panga au jembe dogo kata pande tatu za mraba wa futi moja, yaani sentimita 30 kwa 30, uache upande wa nne uwe bawaba, kisha inua. Uwanja ulioshambuliwa sana huinuka kama mkeka, bila kushikiliwa na mzizi hata mmoja. Uwanja wenye afya utakupa kazi.

Udongo uliokaa chini yake upekue kwa vidole hadi kina cha sentimita 8. Buu utamkuta amejikunja umbo la herufi C. Mwili ni mweupe na mnene, kichwa ni cha kahawia na kigumu, na miguu yake 6 yote iko mbele karibu na kichwa. Sehemu ya nyuma ya tumbo ina rangi ya kijivu inayoonekana kupitia ngozi. Ni udongo aliomeza pamoja na mizizi. Mweke kiganjani uone anavyojikunja tena kila ukimnyoosha. Mkubwa na mdogo waandike mbalimbali kwenye daftari, kwa sababu mdogo bado ana miezi ya kula na ndiye ambaye dawa inaweza kumshinda, wakati mkubwa aliyenona hashindwi kirahisi.

Kipimo kinachotumika sana ni mabuu 5 hadi 10 kwa futi ya mraba, lakini kisome pamoja na hali ya ukoka wako. Uwanja unaomwagiliwa, wenye mizizi mirefu, unaweza kubeba mabuu 6 usione dalili. Uliokatwa chini, wenye kiu, juu ya udongo ulioshindiliwa, utaumia kwa matatu. Ukimaliza kuhesabu rudisha kipande mahali pake, kikanyage, kimwagilie, kitashika tena.

Si kila buu ni mwizi. Wale wakubwa wanaopatikana kwenye lundo la samadi au mboji hula vitu vilivyooza na hawana haja na mizizi yako. Ila samadi isiyoiva ukiimwaga uwanjani unaleta usichokijua, kwa hiyo ichekeche.

Wenye miwa wasikilize hapa. Katika mashamba ya TPC, Arusha Chini karibu na Moshi, buu wa aina hii, anayejulikana kwa wanasayansi kama Cochliotis melolonthoides, amekuwa adui wa miwa na amechunguzwa tangu enzi za Tanganyika. Anakula mizizi ya muwa mpaka shina linang'oka kwa mkono. Kama uwanja wako unapakana na shamba la miwa na umepata mabuu mengi, mwite mwenye shamba mchimbe pamoja chini ya mashina ya pembezoni. Kadhalika, miwa ya bonde la Kilombero imesumbuliwa miaka ya karibuni na vidukari wa njano, wadogo sana, wanaokaa upande wa chini wa jani hadi jani linageuka njano au zambarau. Ukikagua ukoka wako upande unaopakana na miwa, geuza na majani mapana ya pale mpakani. Kamera ya simu ukiikuza picha inaonyesha kidukari vizuri kuliko macho ya wengi wetu.

Ndege na wanyama pia wanakupa habari. Yangeyange wakitua siku moja na kuondoka si neno. Wakirudi kila asubuhi sehemu ileile wakidonoa chini, nenda kachimbe hapo. Nguchiro akifukua vishimo vidogo vidogo usiku, anafuata mabuu, kumfukuza hakuyaondoi. Kuku wako wakiparua kona moja tu ya uwanja, kona hiyo iandike.

Mchwa nitamtaja kwa kifupi, kwa kuwa anashitakiwa kuliko anavyostahili. Wakati wa kiangazi, Julai hadi Oktoba, utaona vitandiko vya udongo juu ya majani, na chini yake majani yameisha. Mara nyingi mchwa amekula kilichokuwa kimeshakufa kwa kiu. Mwagilia sehemu moja kwa wiki mbili, ondoa majani makavu yaliyobaki baada ya kukata, ulinganishe na sehemu ambayo hukuigusa. Ikichipua, tatizo lilikuwa maji. Wapo wanaomwaga oili chafu ya gari kwenye vichuguu. Tafadhali msifanye hivyo. Oili hiyo huua udongo kwa miaka na hupenya kuelekea visimani. Na ukiona vilima vya udongo vikubwa vilivyofukuliwa, huyo ni fuko, si mdudu. Dawa ya wadudu haimhusu. Njia za chenene ni nyembamba, upana wa kidole, na hujionyesha zaidi kwenye udongo wa kichanga wenye unyevu.

Daftari ndilo linalogeuza haya yote kuwa ukaguzi. Bila daftari utakumbuka tu mwaka ulioumia. Andika tarehe, mahali, aina ya mdudu, idadi, ukubwa, na mvua. Mvua unaweza kuipima bila kununua kitu: weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na asubuhi chovya rula. Kina cha maji kwa milimita ndicho kiasi cha mvua, mradi kopo halipanuki juu wala chini. Kwa nondo, weka beseni la maji lenye tone la sabuni chini ya taa ya baraza kwa saa mbili za mwanzo wa usiku, uhesabu asubuhi. Taa huvuta kila aina ya mdudu, kwa hiyo idadi ya usiku mmoja haina maana kubwa. Kinachotafutwa ni kupanda kwa ghafla: nondo wawili, watatu, wawili, halafu thelathini baada ya mvua. Siku hiyo anza kuhesabu siku za mayai.

Watoto wa shule ya msingi wanaiweza kazi hii, na wanaipenda. Mpe mmoja kopo na rula, mwingine beseni. Kazi ya dawa peke yake ndiyo isiwe ya mtoto.

Ikibidi kutumia dawa, twende kwa uangalifu. Nenda dukani ukiwa na mdudu mwenyewe kwenye kichupa, sio na neno "wadudu". Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kikiwa kwenye chombo chake chenye lebo inayosomeka, na lebo itaje mdudu wako. Usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au soda, hata kama aliyekupa ni jirani mwema aliyebakiwa na kidogo kutoka shambani. Dawa ya shamba la miwa haikupimwa kwa ajili ya uwanja ambamo mtoto anatambaa. Na chupa ya soda yenye sumu ndani ya nyumba ni msiba unaosubiri mtu mwenye kiu.

Puliza pale ulipohesabu wadudu wengi, pamoja na mita moja au mbili kuzunguka, usipulize uwanja wote. Kwa viwavi puliza jioni upepo ukitulia, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na usipulize mvua ikiwa imetanda. Kwa mabuu dawa isipofuatwa na maji ya kuishusha haifiki kwenye mizizi, basi fuata lebo inavyoagiza. Kuku wafungie, mbwa mfungie, na watoto wakae mbali kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Bomba usilioshee mferejini wala mtoni. Maji ya huku yanaelekea Ruaha Mkuu, na kuna watu wanaoyachota chini yetu.

Viwavijeshi wana sheria yao. Serikali inawahesabu kati ya visumbufu vya milipuko, pamoja na kweleakwelea, panya na nzige, kwa hiyo ukiwaona wengi usiishie uani kwako. Mpelekee afisa ugani wa kata taarifa siku hiyohiyo, na mwambie mambo manne: tarehe uliyowaona mara ya kwanza, idadi kwa mita ya mraba, urefu wao, na ni zao gani liko jirani. Taarifa ya "kuna viwavi wengi" itamlazimu aje kwanza kutazama. Ukimpa hesabu anaweza kupiga simu halmashauri siku hiyo, na viongozi wa chama cha ushirika cha wakulima wa miwa (AMCOS) wakatangaziana. Kama hamjui mdudu mliyempata, mhifadhini kwenye spiriti ndani ya kichupa chenye tarehe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, na afisa ugani anajua namna ya kumfikisha huko.

Siku ya saba baada ya hatua yoyote uliyochukua, iwe ni kupuliza, kumwagilia au kuacha tu, rudi sehemu zilezile tatu na ndoo ileile, kiasi kilekile cha sabuni, dakika zilezile 10. Iandike idadi mpya kando ya ile ya zamani. Ikiwa haijapungua, usiongeze dozi. Chukua mdudu na daftari, umwone afisa ugani kabla ya kununua chupa ya pili.